Wazee Waliochoka Kuishi na Kusita kwa Madaktari wa Uholanzi

Ukitaka kujua wahudumu wa afya wanafikiri nini kuhusu kumsaidia mtu kufa, ni afadhali uwaulize wale ambao jambo hilo limekuwa sehemu ya kazi yao kuliko wale wanaolisikia kwenye semina tu. Ndiyo maana Uholanzi inastahili kuangaliwa kwa makini. Bunge la nchi hiyo lilikamilisha sheria ya eutanasia, yaani daktari kukatisha maisha ya mgonjwa kwa ombi lake, mwaka 2001, na sheria ikaanza kutumika tarehe 1 Aprili 2002, baada ya miaka mingi ya kesi na maridhiano ambayo tayari yalikuwa yamewazoesha madaktari kupokea maombi ya aina hiyo. Mwaka 2023 kamati za mapitio, zinazokagua matukio ya aina hii, zilipokea taarifa 9,068 za wagonjwa waliokufa kwa msaada wa daktari kwa ombi lao wenyewe, sawa na asilimia 5.4 ya vifo vyote vya mwaka huo. Madaktari wa namna hii wakisita, huwezi kusema wanasita kwa sababu ya ugeni wa jambo.

Nao wanasita, lakini kwa mpangilio maalumu. Uchunguzi uliofanywa na Eva Bolt na wenzake, uliochapishwa mwaka 2015 na kujibiwa na madaktari 1,456, uliuliza ni mgonjwa wa aina gani ambaye daktari anaweza kujiona akimtimizia ombi la kufa. Kwa mgonjwa wa saratani, asilimia 85 walisema wanaweza. Kwa ugonjwa mwingine wa mwili, asilimia 82. Kwa mgonjwa wa akili idadi ilianguka hadi asilimia 34, na kwa mtu aliyechoka kuishi ikashuka zaidi hadi asilimia 27. Wenye moyo mwepesi kidogo kuliko wengine walikuwa madaktari wa familia, jambo nitakalolirudia.

Huyu aliyechoka kuishi ni nani? Kwa kawaida ni mzee wa miaka themanini au tisini ambaye hana ugonjwa wa kumwua karibuni, akili yake ni timamu, hana sonona inayotibika, na bado anasema kwa utulivu kwamba ameishi vya kutosha: mwenzi wake amekufa, rafiki zake wamekwisha, mwili unamgomea, siku ni ndefu, naye hataki kusubiri. Waholanzi wana maneno yao kwa hali hii, yenye maana ya maisha yaliyokamilika, na mimi sina haja ya kuyapima hapa. Ninachotaka kupima ni jinsi idadi ile ya asilimia 27 inavyosomwa.

Wapo wanaoisoma kama dalili ya madaktari kubaki nyuma ya jamii yao, kwamba wananchi wamekwisha kuamua kuwa maisha ni mali ya mwenyewe na waliovaa makoti meupe ndio wanaovuta miguu. Wapo pia, hasa upande wa makanisa, wanaoisoma kama dhamiri ya zamani inayokataa kufa, kiapo cha udaktari kikijitetea. Nadhani pande zote mbili zinakosea. Mtu yuleyule aliyekataa kumsaidia mzee aliyechoka kuishi ndiye aliyesema yuko tayari kumsaidia mgonjwa wa saratani. Hatuwezi kumwita mwoga wala mtu wa dini kali. Kusita kwake ni maarifa ya kazi. Anajua, kwa kuwa amekwisha kuingia katika vyumba vingi vya wagonjwa, ni mateso gani ambayo elimu yake inamwezesha kuyapima na yapi yanamzidi. Hata hivyo, mpaka anaouchora kati ya haya mawili hauko imara kama anavyoudai, na hapo ndipo ugumu wa suala unapoanza.

Mpaka huo uliwekwa na mahakama. Mwezi Aprili 1998, huko Overveen karibu na Haarlem, daktari wa familia Philip Sutorius alimsaidia kufa Edward Brongersma, aliyekuwa seneta, mwenye umri wa miaka 86. Brongersma hakuwa na ugonjwa mkubwa wa mwili wala wa akili. Alilalamika kuhusu upweke, kuzorota kwa mwili na maisha yasiyokuwa na kitu ndani yake. Daktari hakujificha, aliripoti tukio kama utaratibu ulivyotaka, akashtakiwa. Mahakama ya Haarlem ilimwachilia mwaka 2000. Mahakama ya rufaa ya Amsterdam ikamtia hatiani mwaka 2001 bila kumpa adhabu yoyote. Kisha tarehe 24 Desemba 2002, wakati sheria mpya ilikuwa na miezi michache tu tangu ianze kazi, Mahakama ya Juu ikathibitisha hukumu hiyo na kusema kwamba mateso yanayompa daktari ruhusa lazima yatokane kwa kiasi kikubwa na ugonjwa unaotambulika kitabibu, uwe wa mwili au wa akili. Nje ya hapo daktari hana utaalamu wa kuyahukumu mateso.

Adhabu sifuri kwa mtu aliyetiwa hatiani ni lugha ambayo kila mwanasheria anaielewa: majaji hawakumwona Sutorius kuwa mhalifu, walimtumia kuchora mstari. Na madaktari wengi waliupokea mstari huo kwa shukrani kuliko walivyokubali kusema hadharani. Kwa mzee anayesema amechoka, daktari sasa alikuwa na jibu ambalo halikuhitaji kumwambia kwamba mateso yake ni ya uongo. Angeweza kusema, kwa ukweli, kwamba jambo lake haliko katika mikono ya tabibu.

Haukupita muda mstari ukaanza kulegea, na waliouvuta ni madaktari wenyewe. Chama chao, KNMG, kiliunda kamati chini ya Dijkhuis ambayo iliripoti mwishoni mwa mwaka 2004 kwamba si sahihi kudai kuwa uchovu wa maisha uko nje kabisa ya eneo la daktari, maana daktari kila siku hukutana na mateso ambayo hayana jina moja la ugonjwa. Mwaka 2011 KNMG ikatoa msimamo uliokaa katikati: lazima kuwe na msingi wa kitabibu, lakini msingi huo si lazima uwe ugonjwa mmoja mkubwa; mrundikano wa maradhi ya uzeeni unaweza kutosha, na upweke au kupoteza uwezo wa kujitegemea vinaweza kupimwa pamoja nao.

Inafaa kuutazama mrundikano huo kwa karibu, kwa sababu ndani yake kuna sehemu kubwa ya mjadala. Chukua mama wa miaka 91 anayeishi peke yake katika fleti ya orofa ya tatu. Sehemu ya kati ya retina imechakaa, kwa hiyo gazeti limemtoka, na akitazama uso wa mjukuu anaona ukungu mahali pa macho na pua, huku akiona vizuri fremu ya mlango iliyo pembeni. Masikio hayasikii tena watu wawili wakizungumza kwa pamoja; kifaa cha kusikia kinapaza kelele za vijiko na maneno kwa kiwango kimoja. Mifupa imedhoofika, amevunjika nyonga mara moja, na tangu hapo kutoka nje ni kazi ya kupangiwa siku. Haendi chooni usiku bila hofu ya kuanguka. Hakuna hata kimoja kati ya haya kitakachomwua mwaka huu wala mwaka ujao, na kila kimoja peke yake watu wengi wanaishi nacho. Vyote kwa pamoja vimemnyang'anya kusoma, kuzungumza, kutembea na kulala. Anaposema amechoka kuishi, je, anasumbuliwa na macho, masikio na mifupa, au anasumbuliwa na maisha?

Daktari akijibu kwamba ni macho, masikio na mifupa, ombi linaingia ndani ya sheria. Akijibu kwamba ni maisha, linatoka nje. Mwaka 2023 kamati za mapitio za Uholanzi ziliandika matukio 349 chini ya mrundikano wa maradhi ya uzeeni, kati ya yale 9,068. Ng'ambo ya mpaka, Ubelgiji, ambako sheria ilipitishwa mwezi Mei 2002, kundi la wagonjwa wenye maradhi mengi kwa pamoja lilikuwa zaidi ya moja ya tano ya matukio yote ya mwaka huohuo. Makundi hayo hayalingani kabisa, kwa kuwa Waholanzi wana kisanduku kingine cha magonjwa yaliyochanganyika, lakini sidhani kwamba wazee wa Antwerpen huzeeka kwa namna tofauti sana na wazee wa Rotterdam. Sehemu ya tofauti hiyo, kwa maoni yangu, inatokana na jinsi madaktari wa kila upande walivyozoea kulipa jina jambo lilelile.

Basi tukubali kwamba kigezo cha msingi wa kitabibu, ambacho madaktari hukishika kama mkongojo wa kuvukia mahali penye utelezi, kina ulaini wake. Mtu akifika miaka 85, ni nadra daktari makini akose kumpata na maradhi matatu au manne ya kuandika. Anayetaka kumsaidia mzee ataona mrundikano. Asiyetaka ataona uzee wa kawaida. Hilo si shutuma dhidi ya uaminifu wao. Linaonyesha tu kwamba uamuzi wenyewe hufanyika mahali pengine, kabla ya orodha ya maradhi kuandikwa.

Mahali hapo, kwa kadiri ninavyoelewa maelezo ambayo madaktari wa Uholanzi wenyewe wametoa kwa miaka mingi, ni katika uhusiano kati ya daktari wa familia na mgonjwa wake. Karibu asilimia 80 ya matukio haya hushughulikiwa na madaktari wa familia, na mengi hutokea nyumbani kwa mgonjwa. Daktari huyo amemjua mzee kwa miaka. Alikuwapo mume alipokufa, anajua mtoto yupi hapigi simu. Ndiyo sababu, nadhani, madaktari wa familia wako tayari zaidi kuliko mabingwa wa hospitalini: wao hawapimi ombi lililoandikwa kwenye fomu, wanampima mtu wanayemjua. Lakini uhusiano huohuo ndio unaoufanya mkono uwe mzito. Wengi husema kwamba hulipanga tendo hili jioni, baada ya wagonjwa wengine, kwa kuwa haiwezekani kurudi kliniki na kupima kikohozi cha mtoto kana kwamba hakuna kilichotokea. Katika saratani ya hatua ya mwisho, daktari anaweza kujiambia kwamba kifo kilikuwa kimekwisha kuingia nyumbani na yeye alifupisha wiki mbili za maumivu. Kwa mama wa fleti ya orofa ya tatu hana faraja hiyo. Asipofanya kitu, mama huyo yu hai mwaka ujao.

Hapa kuna kosa ambalo nalikuta mara nyingi katika uchambuzi wa takwimu hizi. Swali la Bolt na wenzake halikuwa kama daktari anakubali kwamba mzee ana haki ya kufa. Liliuliza kama anaweza kujiona akifanya. Ni maswali mawili yenye umbali mkubwa kati yake. Mtu anaweza kuamini kwa moyo wote kwamba jirani yake ana haki ya kuondoka, na bado akakataa kuwa yeye wa kumwondoa. Sheria ya Uholanzi inalielewa hili: haimpi mgonjwa haki ya kupata eutanasia, wala haimlazimishi daktari yeyote. Inampa daktari kinga ya kutoshtakiwa endapo ametimiza masharti, yakiwamo ombi la hiari lililofikiriwa vema, mateso yasiyovumilika na yasiyo na tumaini la nafuu, kutokuwapo kwa njia nyingine ya busara, na kumshirikisha angalau daktari mmoja asiyehusika. Wanaosema madaktari wanawanyima wazee haki husahau kwamba haki hiyo haijawahi kuandikwa popote katika sheria hiyo.

Sehemu nyingine ya maarifa ya kazi ni kwamba ombi la mzee hubadilika. Utafiti uitwao Perspectief, ulioongozwa na Els van Wijngaarden na kutolewa mwezi Januari 2020 kwa agizo la serikali, ulikadiria kuwa kati ya Waholanzi wenye umri wa miaka 55 na kuendelea, asilimia 0.18 wana hamu ya kudumu ya kukatisha maisha bila kuwa na ugonjwa mkubwa, yaani watu wapatao elfu kumi. Ni wachache kuliko kelele za siasa zilivyowafanya waonekane, na ni wengi kuliko ambavyo mtu angeweza kuwapuuza. La maana zaidi lilikuwa kile watu hao walichosema. Wengi wao hawakuwa wazee wakongwe, walioketi kwenye kiti cha baraza wakiyaangalia maisha yao kwa kuridhika. Walikuwamo watu wenye wasiwasi wa fedha, upweke, magonjwa ya hapa na pale na hofu ya kuwa mzigo, na hamu ya kufa ilikaa pamoja na hamu ya kuishi katika kifua kimoja, ikizidi wakati fulani na kupungua wakati mwingine. Daktari aliyewahi kusikia ombi mwezi Novemba na kukuta halitajwi tena mwezi Mei hahitaji utafiti kumwambia hili, ila utafiti umempa pa kusimama anapoambiwa kwamba anakawia bila sababu.

Nimezungumza kuhusu madaktari kana kwamba ndio wahudumu wa afya pekee, na mjadala wenyewe hufanya hivyo, kwa kuwa sheria inamtambua daktari. Muuguzi wa Uholanzi anaweza kuandaa vifaa na kukaa na familia. Kumpa mgonjwa dawa yenyewe haruhusiwi, na akifanya hivyo anaweza kushtakiwa. Hata hivyo, neno la kwanza la mzee aliyechoka kuishi ni nadra kusemwa mbele ya daktari. Husemwa saa moja asubuhi, muuguzi au mhudumu wa makao ya wazee akiwa anamwosha mgongo, wakati wote wawili wakitazama ukuta. Mzee husema, "Ningelala leo nisiamke, ingekuwa vizuri." Anayeosha anapaswa kujua papo hapo kama hilo ni ombi, lalamiko, uchovu wa usiku mbaya, au njia ya kuuliza kama kuna mtu ambaye angehuzunika. Akikosea kwa kulichukulia kama ombi, ataandika kwenye daftari la zamu maneno yatakayomwandama mzee hadi kwenye kikao cha familia. Akikosea kwa kulipuuza, mzee hatalisema tena kwake, na pengine hatalisema kwa mtu yeyote.

Ustadi huo hauna asilimia yake. Wauguzi wamefanyiwa tafiti za mitazamo katika nchi nyingi, lakini mara nyingi huulizwa swali lilelile la daktari, kwamba unaunga mkono au unapinga, ilhali wao wana ujuzi wa kitu kingine. Wao ndio wanaojua kama mzee anakula vizuri zaidi siku za Jumapili wageni wanapokuja. Wanajua kama ombi lilianza baada ya chumba chake kubadilishwa, au baada ya binti kusema kwamba gharama za makao zimepanda. Naona kwamba ushahidi wa aina hii ungemsaidia zaidi daktari kuliko kipimo kingine cha macho, na Ubelgiji imelitambua kidogo: sheria yake inamtaka daktari alizungumzie ombi pamoja na timu ya wauguzi wanaomhudumia mgonjwa mara kwa mara. Sheria ya Uholanzi haina sharti hilo. Inamtaka daktari amshirikishe daktari mwingine, ambaye mara nyingi anamwona mzee kwa mara ya kwanza na kuzungumza naye mchana mmoja.

Kwa msomaji wa Kiswahili hili si jambo la mbali kama linavyoonekana. Kenya ilitia saini mkataba wa wahudumu wa afya na Uingereza mwaka 2021, na makubaliano ya ajira na Ujerumani mwaka 2024. Ndugu zetu wengi wanapata riziki katika makao ya wazee ya Ulaya, na wao ndio hasa wanaoosha migongo hiyo asubuhi. Wametoka mahali ambapo kumsaidia mtu kujiua ni kosa kubwa la jinai, na ambapo mzee akisema Mungu amemsahau, wajukuu hucheka kidogo, humpa chai, na kumwambia bado wanamhitaji. Jibu hilo lina busara yake, maana mara nyingi ndilo jibu ambalo mzee alikuwa akilitafuta. Lakini katika makao ya Ujerumani, ambako Mahakama ya Katiba iliamua tarehe 26 Februari 2020 kwamba haki ya mtu kuamua kifo chake na kutafuta msaada haitegemei kuwa na ugonjwa wowote, mhudumu mgeni anayejibu kwa mzaha na chai anaweza kuonekana kama aliyekataa kusikia. Ni haki yake kufundishwa mapema mipaka ya wajibu wake: nini anapaswa kuripoti, nini anaweza kukataa kushiriki, na kwamba kusikiliza si sawa na kukubali. Kumwachia ajifunze kwenye zamu ya usiku ni kumdhulumu yeye na mzee.

Kwa kuwa madaktari wanasita, wazo la kuwaweka kando limekuwapo Uholanzi kwa zaidi ya miaka thelathini. Huib Drion, jaji mstaafu wa Mahakama ya Juu, aliandika mwaka 1991 kwamba wazee wanapaswa kuwa na njia ya kuondoka kwa wakati wautakao wao, na wazo hilo limebeba jina lake tangu hapo. Mwaka 2010 kampeni ya wananchi iitwayo Uit Vrije Wil ilikusanya saini zaidi ya laki moja ikitaka msaada kwa wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Kamati ya Schnabel iliyoundwa na serikali ilijibu mwaka 2016 kwamba sheria iliyopo inatosha kwa wengi wa wazee hao, kwa sababu ya ule mrundikano wa maradhi. Miezi michache baadaye mawaziri wawili, Edith Schippers na Ard van der Steur, wakaipuuza kamati yao na kutangaza nia ya kuleta sheria mpya. Mbunge Pia Dijkstra wa chama cha D66 aliwasilisha mswada mwaka 2020, kwa wenye miaka 75 na kuendelea. KNMG ilikuwa imekwisha kusema mwaka 2017 kwamba haitaki sheria ya namna hiyo.

Mswada huo ulimweka mahali pa daktari mtu anayeitwa msindikizaji wa mwisho wa maisha. Ukisoma ni nani angeweza kuwa msindikizaji, unakuta daktari, muuguzi, mwanasaikolojia wa afya au mtaalamu wa tiba ya kisaikolojia aliyepata mafunzo ya ziada. Kumbe tumezunguka na kurudi kwa watu walewale, wakiwa wamevuliwa stethoskopu. Swali ambalo madaktari walisema hawana utaalamu wa kulijibu, kwamba maisha ya mtu mzima mwenye afya ya wastani yamekwisha thamani machoni pake, sasa lingeulizwa na wenzao kutoka idara ya pili, bila hata ule mkongojo wa orodha ya maradhi. Sioni utaalamu mpya umetoka wapi. Mtetezi wa mswada angesema kwamba hakuna anayepima thamani ya maisha, bali msindikizaji anahakikisha tu kuwa ombi ni la hiari na la kudumu. Hoja hiyo ina nguvu kwenye karatasi. Lakini kupima udumu wa hamu ambayo utafiti wa Perspectief umeonyesha inapanda na kushuka si kazi ya ukarani.

Uswisi inatuonyesha umbo jingine la kusita huku. Kwa kifungu cha 115 cha kanuni ya adhabu, kilichoanza kutumika mwaka 1942, kumsaidia mtu kujiua si kosa pasipo nia ya kujinufaisha, kwa hiyo vyama vya kiraia ndivyo hubeba kazi na daktari hubaki na kalamu ya kuandikia dawa. Ilikuwa huko, karibu na Basel, ambako David Goodall, mwanabotania wa Australia mwenye umri wa miaka 104, alifia tarehe 10 Mei 2018. Hakuwa na ugonjwa wa kumwua. Alikuwa ameanguka nyumbani na kulala sakafuni muda mrefu kabla ya kugunduliwa, macho yalikuwa yamefifia, na alisema wazi kuwa anajuta kufikia umri ule. Mwaka huohuo Chuo cha Sayansi ya Tiba cha Uswisi kilitoa mwongozo mpya uliotumia kipimo cha mateso yasiyovumilika badala ya ukaribu wa kifo, na shirikisho la madaktari wa nchi hiyo, FMH, likakataa kuupokea, likisema kipimo hicho hakieleweki vya kutosha. Mwongozo ulikubaliwa baada ya kuandikwa upya, mwaka 2022. Yaani hata pale ambapo mkono wa daktari unagusa karatasi tu, bado alitaka kuelezwa anathibitisha nini.

Ipo hoja moja dhidi ya msimamo wangu ambayo siwezi kuipita haraka. Kama uamuzi hutegemea uhusiano na daktari wa familia na jinsi anavyosoma mrundikano wa maradhi, basi wazee wawili wanaofanana, wanaoishi mitaa miwili tofauti ya Utrecht, wanaweza kupata majibu mawili tofauti, na mwenye daktari anayesita atakuwa ameadhibiwa kwa bahati mbaya. Ni kweli, na ndiyo sababu mwaka 2012 ilianzishwa kliniki mjini Den Haag, ambayo sasa inaitwa Expertisecentrum Euthanasie, kupokea wagonjwa ambao madaktari wao wamekataa. Kliniki hiyo imepunguza ukosefu wa usawa na imezaa mwingine: mzee anayeenda huko hukutana na daktari mwangalifu asiyejua mume alikufa lini. Udhalimu mkubwa zaidi, naona, ni daktari anayekaa kimya. Anamsikiliza mzee kwa mwaka mzima, anatikisa kichwa, anaandika miadi nyingine, na siku ya kuulizwa moja kwa moja anasema yeye hafanyi. KNMG inawataka wanachama wake waseme mapema, na hapa sina utetezi kwa anayekiuka. Kusita ni haki ya mtu wa kazi hii iwapo tu mgonjwa anajua tangu mwanzo kwamba anazungumza na mtu anayesita.

Sheria ya Uholanzi hufanyiwa tathmini kila baada ya miaka mitano au sita. Ripoti zilitoka mwaka 2007, 2012, 2017 na 2023, na kila mara madaktari wameulizwa watafanya nini mbele ya mgonjwa wa aina hii na ile. Ningependa ripoti ijayo ianze na wauguzi na wahudumu wa makao ya wazee, wasiulizwe kama wanaunga mkono au wanapinga, bali waelezwe kisa cha mzee wanayemhudumia na kuulizwa ombi lilianza lini, baada ya tukio gani, na siku zipi halitajwi. Na kabla ya kuandika mswada mwingine wa umri wa miaka 75, Bunge la Den Haag lingeweza kuazima kifungu kimoja kifupi kutoka kwa jirani yake wa kusini, kile kinachomlazimisha daktari kuketi pia na waliomwosha mzee, si na daktari mwenzake tu.